Kiraka, ukarabati au tovuti mpya: kampuni ya taka ipite njia gani ili wateja wenye ulemavu nao wahudumike?

Kampuni ya kuzoa taka yenye kandarasi ya kata mbili tatu jijini Dar es Salaam haina tovuti kubwa. Mara nyingi ni kurasa tano: ratiba ya gari, viwango vya ada, namna ya kulipa, fomu ya malalamiko, na ule ukurasa wa "Kuhusu Sisi" ambao hakuna mteja anayeusoma. Udogo huo ni neema. Kazi ya kuifanya itumike na asiyeona, kiziwi, mwenye uoni hafifu au mtu ambaye mikono yake haishiki vizuri inapimika, na bei yake inajadilika.

Wauzaji watakuletea njia tatu: kubandika kiraka juu ya tovuti iliyopo, kuikarabati kutoka ndani, au kuivunja na kujenga upya. Ya nne huwa inatoka kwa wenye kampuni wenyewe: "Si wapige simu tu?"

Nitazipima kwa shughuli. Mteja wa taka haingii kwenye tovuti yako kujiburudisha. Anataka kujua gari linapita lini, anataka kulipa, anataka kulalamika kwamba halikupita, au anataka kujiandikisha. Njia isiyomfikisha mwisho wa shughuli hizo haina faida, hata ikija na cheti chenye mhuri.

Njia zenyewe

Kiraka ni ile alama ya mtu ndani ya duara inayoelea pembeni mwa ukurasa. Ukiibonyeza inafunguka menyu: kuza maandishi, geuza rangi, soma kwa sauti, simamisha vinavyochezacheza. Fundi anachomeka mstari mmoja wa msimbo, saa haijaisha kazi imekwisha, na wewe unaanza kulipa kwa dola kila mwezi au kila mwaka.

Ukarabati ni kuingia ndani ya kurasa zilezile na kurekebisha kilichoharibika: picha zipewe maelezo, visanduku vya fomu vipewe lebo, rangi zikolezwe, vichwa vya habari vipangwe kwa ngazi. Mteja asiye na ulemavu huenda asigundue kitu zaidi ya rangi.

Kujenga upya kunajieleza.

Kipimo kinachotumika duniani ni WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, na toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Una ngazi tatu, A, AA na AAA, na ya katikati ndiyo inayoombwa kwenye mikataba mingi. Kisheria hatuko jangwani pia. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Ibara yake ya 9 inataja wazi upatikanaji wa habari na teknolojia. Wakenya wamekwenda mbele zaidi: tangu 2022 wana kiwango chao cha kitaifa cha TEHAMA jumuishi, KS 2952. Lakini nikwambie ukweli, kampuni nyingi zitakazoanza kazi hii zitaanza kwa sababu mteja fulani alishindwa kulipa, wala si kwa kusoma ibara.

Ratiba ya gari

Hapa ndipo tofauti ya njia hizi inapoonekana mapema.

Ratiba nyingi zinapandishwa kama picha. Mhudumu wa ofisini anatengeneza bango zuri la kusambaza WhatsApp, kisha analiweka hilohilo kwenye tovuti, na ukilibofya linakuwa kubwa. Mteja asiyeona akifika hapo, anatelezesha kidole na simu inamsomea jina la faili: "Ratiba mei final mbili, picha." Akitelezesha tena, ameshafika kwenye kitufe cha Facebook. Siku za wiki, mitaa na saa, vyote vimebaki ndani ya picha.

Kiraka hakina la kufanya. Kikikuza, kinakuza picha, na maandishi yaliyomo yanakuwa na ukungu. Kikiwekwa kisome kwa sauti, hakina cha kusoma. Vipo vinavyodai kutunga maelezo ya picha kwa akili bandia, lakini kuambiwa "jedwali na gari la kijani" hakumsaidii mtu wa Kijitonyama kujua taka azitoe Jumanne au Jumatano.

Ukarabati unatibu jambo hili kwa nusu siku: ratiba inaandikwa upya kama maandishi. Jedwali halisi lenye vichwa vya safu linafaa, kwa sababu kisomaji cha skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye kioo, kinaweza kumtamkia msikilizaji yuko kwenye mtaa gani na siku gani. Mimi napendelea kitu rahisi zaidi, kila kata iwe na kichwa chake na chini yake sentensi za kawaida: "Sinza B: Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa 1 asubuhi." Inasomeka kwenye simu ya kioo kidogo bila kusukuma ukurasa kushoto na kulia, na mwenye uoni hafifu akikuza mara nne maneno hayamkimbii.

Kuna kosa jingine lisiloonekana kwa macho, nalo hukaa kwenye ukurasa huohuo. Kiolezo cha tovuti kilinunuliwa kikiwa cha Kiingereza, hivyo ndani ya msimbo ukurasa unajitangaza kuwa wa Kiingereza ingawa kila neno ni Kiswahili. Kisomaji kinachofuata tangazo hilo kitasoma "Jumanne" na "taka ngumu" kwa ulimi wa Kizungu hadi msikilizaji akate tamaa. Dawa yake ni herufi mbili: pale penye lang="en" paandikwe lang="sw". NVDA, kisomaji cha bure cha kompyuta za Windows, kinakuja na sauti ya Kiswahili ndani yake. Kinachokosekana ni wewe kukiambia kwamba lugha ni Kiswahili.

Tovuti mpya nayo itatoa ratiba nzuri, mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili yule mhudumu, ambaye hakuna aliyemfundisha, anapandisha bango lake la WhatsApp, na mmerudi mlikotoka kwa gharama kubwa. Kwa hiyo ukichagua ukarabati au ujenzi mpya, mdai fundi akuwekee sehemu ya kujazia ratiba kwa maandishi, kata moja baada ya nyingine, isiyokubali picha.

Nisiwasahau viziwi, ambao kwenye mazungumzo haya hudhaniwa hawana shida kwa kuwa wanaona. Mitaani kwetu gari la taka hujitangaza kwa honi. Kiziwi haisikii. Jirani akisahau kumgongea, mfuko wa taka unakaa uani mpaka mzunguko mwingine. Kwake yeye ratiba iliyoandikwa, na hasa ujumbe mfupi jioni ya kuamkia siku ya gari, ndiyo honi yenyewe. Katika njia tatu za wauzaji, hakuna inayoleta ujumbe huo yenyewe. Ni lazima uuombe.

Rangi ya kijani

Kampuni za taka zinapenda kijani, na zaidi zinapenda kile kijani cha majani machanga chenye maandishi meupe juu yake. Kijani chenye namba #8BC34A kikikaa na nyeupe kinatoa utofauti wa mwangaza, kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, wa kama 2.1 kwa 1. WCAG inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Badili uweke kijani kilichoiva, #1B5E20, unapata karibu 7.9 kwa 1, na nembo bado ni ya kijani.

Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga mkali. Mtu huyo akisoma simu saa sita mchana nje ya nyumba yake, maandishi meupe juu ya kijani hafifu kwake ni ukurasa mtupu. Kiraka kina kitufe cha kukoleza rangi, ni kweli, na hapa nakipa alama zake. Ila kwanza akione hicho kitufe, ambacho mara nyingi nacho ni cha kijani hafifu. Kukoleza rangi tangu mwanzo ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua faili la mitindo liko wapi, na wanaofaidi ni wateja wote wanaotembea juani.

Kama kampuni yako inatenganisha taka kwa rangi za mifuko, usiishie kuchora miraba ya kijani na buluu. Andika: "Mfuko wa kijani: mabaki ya chakula." Wapo wasiotofautisha rangi, na hawajitangazi.

Malipo

Hapa sehemu ya safari haiko mikononi mwako. Iwe ni kontroo namba inayotoka manispaa au lipa namba ya kampuni, mteja atamalizia kwenye simu yake, ndani ya menyu ya mtandao wa simu au programu yake. Kinachokuhusu ni kumfikisha hapo akiwa na namba sahihi.

Kontroo namba ina tarakimu 12. Ikiwa imechapwa kwenye picha ya ankara au PDF iliyopigwa skani, kwa asiyeona haipo. Ikiwa ni maandishi lakini imeshikana, sauti nyingine zitaisoma kama hesabu moja: bilioni mia tisa na kitu, milioni kadhaa, na kuendelea. Hakuna anayeweza kunakili hivyo. Itenganishwe kwa makundi ya tarakimu nne, na pembeni kiwepo kitufe kinachosema "Nakili kontroo namba". Nasisitiza kinachosema, kwa sababu vitufe vingi vya kunakili vimechorwa karatasi mbili zilizopishana bila neno lolote, na kisomaji kinatamka tu "Kitufe, hakina lebo."

Kuna viraka vinavyojitahidi kukisia lebo za vitufe. Vikipatia, vizuri. Vikikosea kwenye ukurasa wa malipo, mtu anaweza kubonyeza asichokusudia, na kwenye mambo ya hela kukisia sikupendi kabisa. Ukarabati na ujenzi mpya hapa vinalingana: lebo inaandikwa mara moja na mtu anayejua kitufe kinafanya nini.

Malalamiko na kujiandikisha

Fomu ndiyo sehemu inayowashinda watu wengi zaidi, na sababu ni ya kijinga. Mbunifu anaweka maneno "Jina lako" ndani ya kisanduku kwa rangi ya kijivu, ukianza kuandika yanapotea. Mwenye usahaulifu au aliyekatishwa na simu katikati hajui tena alikuwa anajaza nini. Lebo ikae juu ya kisanduku na ibaki hapo.

Halafu kapcha, lile fumbo la kuchagua picha zenye taa za barabarani. Fomu ya malalamiko ya kampuni ya taka inalindwa dhidi ya nini hasa? Kisanduku cha mtego, kisichoonekana kwa watu ila roboti hukijaza, kinatosha kwa tovuti ya ukubwa huu. Kiraka hakiondoi kapcha uliyoiweka mwenyewe.

Ramani ya kuchomeka pini pia. Wazo zuri kwa anayeona na mwenye kidole kisichotetemeka, lakini lazima iwepo njia ya kuandika kata, mtaa na alama ya karibu. Wengi wetu tunaelekezana hivyohivyo, "nyuma ya msikiti, geti jeusi", na dereva wa gari la taka anaelewa vizuri kuliko pini. Vitufe vyenyewe visiwe vidogo kama punje: WCAG 2.2 inataka eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24, na mimi ningeongeza.

Kwenye kujiandikisha kuna jambo ambalo fundi wa tovuti hatakuletea, kwa sababu si la msimbo. Uingereza, halmashauri nyingi zina utaratibu wa mkazi asiyeweza kubeba pipa hadi barabarani kuomba lifuatwe nyumbani. Mwenye kiti cha magurudumu anayekaa kwenye uchochoro ambao gari haliingii ana shida hiyohiyo Manzese. Swali moja kwenye fomu, "Je, unahitaji vijana wafuate taka mlangoni?", lina thamani kuliko menyu nzima ya kiraka, mradi tu jibu lifike kwa msimamizi wa njia na lisiozee kwenye barua pepe.

Kwa nini kiraka kinauzika hivyo

Kwa sababu kinaonekana. Bosi anafungua tovuti, anaona alama ya mtu kwenye duara, roho inatulia. Lakini asiyeona ana kisomaji chake tayari, TalkBack kwenye Android, VoiceOver kwenye iPhone, na amekizoea mpaka anasikiliza kwa kasi ambayo wewe husikii neno. Hahitaji sauti ya pili inayogombana na yake. Mwenye uoni hafifu ameshakuza maandishi kwenye simu nzima, si kwenye tovuti yako peke yake. Msimbo wa kiraka wenyewe unapakuliwa kutoka mbali na unakula bando la mteja.

Januari 2025, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe, mmoja wa wauzaji wakubwa wa viraka hivi, italipa dola milioni 1 kutokana na madai yake kwamba bidhaa yake ingeweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Amri ikathibitishwa Aprili mwaka huo. Ukiletewa maneno hayohayo kwa Kiswahili kwenye kikao cha mauzo, unajua pa kuanzia kuuliza.

Simu na ujumbe mfupi

Wanaosema "wapige simu tu" wana hoja nusu. Kwa asiyeona anayetumia kitochi, simu inayopokelewa na mtu ni bora kuliko tovuti yoyote. Kwa kiziwi namba ya simu peke yake ni ukuta. Anahitaji ujumbe mfupi au WhatsApp, na WhatsApp inampa pia video ya kuwasiliana kwa lugha ya alama akimpata anayeijua. Menyu za USSD, zile za kubonyeza nyota na namba, hukatika usipojibu haraka, na anayesikiliza kila chaguo kabla ya kubonyeza ndiye wa kwanza kukatiwa. Kwa hiyo njia hii inasindikiza zile nyingine, haizirithi. Weka vyote viwili juu ya kila ukurasa, "Piga" na "Tuma ujumbe", na mtu wa kujibu awepo kweli.

Uchaguzi

Kila mwaka shirika la WebAIM hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, na mwaka 2025 asilimia 94.8 zilikutwa na makosa ya WCAG. Makosa yaliyoongoza ni yaleyale ya kila mwaka: rangi hafifu, picha bila maelezo, fomu bila lebo, viungo na vitufe vitupu, lugha isiyotajwa. Rudi juu uone: ni orodha ya makosa ya tovuti yetu ya taka, na hakuna hata moja linalolazimisha kuvunja nyumba. Ndiyo maana kwa kampuni nyingi nachagua ukarabati bila kusitasita. Kurasa tano, fundi mmoja anayejua kazi, wiki moja au mbili, malipo ya mara moja.

Jenga upya ukiwa na sababu mojawapo kati ya hizi: fundi wa kwanza ameondoka na nywila na hakuna anayeweza kuingia ndani, tovuti imejengwa kwa mfumo wa kuburuta vipande ambao haukuruhusu kugusa lebo wala lugha, au haifunguki vizuri kwenye simu kwa yeyote yule. Ukitumia WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, anza na mandhari (kiolezo cha mwonekano) yenye lebo ya "accessibility-ready", yaani iliyoandaliwa kwa ajili ya watumiaji wenye ulemavu, kwenye hazina yao rasmi. Haimalizi kazi, ila msingi wake umekaguliwa. Na ukatae mapema zile picha kubwa zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa. Hazimsaidii hata anayeona.

Kiraka sikipi nafasi, hata ya muda. Cha muda hugeuka cha kudumu, na bajeti yake ndiyo ingelipia ukarabati.

Bei za mafundi zinapishana sana, hivyo usilinganishe jumla ya chini ya karatasi. Linganisha walichoandika kwamba watakabidhi. Fundi anayesema "tutafanya tovuti iwe rafiki kwa walemavu" hajasema kitu. Anayeandika "WCAG 2.2 ngazi ya AA, itajaribiwa kwa TalkBack na NVDA, kwa kibodi bila kipanya, na mhudumu wenu atafundishwa kujaza ratiba" amejifunga mwenyewe, na unaweza kumdai. Mwambie pia apitishe kurasa kwenye WAVE au Lighthouse, zana za bure za kukagua tovuti, akijua kwamba zana hizo hushika sehemu tu ya makosa. Haziwezi kujua kama sentensi yako inaeleweka.

Sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi ishikilie. Wasiliana na vyama vyenyewe: Chama cha Wasioona Tanzania, CHAVITA kwa viziwi, Chama cha Watu wenye Ualbino, au SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho lao wote. Omba watu watatu au wanne wanaoishi kwenye kata zako, uwalipe nauli na muda wao kama unavyomlipa fundi. Kila mmoja atumie simu yake mwenyewe, akiwa na bando la kawaida, na apewe kazi bila maelekezo: tafuta gari linapita lini kwako, pata namba ya kulipia, toa malalamiko, jiandikishe. Fundi akae pembeni, anyamaze, aandike wanapokwama. Wakimaliza zote nne bila kusaidiwa, mlipe chake.